Niligawa diski nusu kwa nusu na dada, nikaifuta sauti ya mjomba

Wakuu, mwangaluka.

Niwatoe wasiwasi mapema: hii siyo chai. Ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri zaidi kwenye stori, siyo hii ya mtu mzima kukaa sakafuni anaitazama laptop kama anatazama mgonjwa asiyeitika.

Naandika kwa simu, kwa dole gumba moja. Laptop ipo, ila haiguswi. Mtaelewa kwa nini.

Wale wa "mkuu fupisha", kifupi chake ni hiki: nilibonyeza Format. Mnaweza kwenda sasa. Tuliobaki tuendelee.

Nakaa Somanda, hapa Bariadi. Form four nilimaliza, matokeo tuyaache yalivyo. Kazi yangu nachapa barua na CV za watu, naweka miziki kwenye memory card, nasafisha simu zilizojaa. Wateja wanakuja dirishani. Wanapitisha simu, napokea, narudisha.

Mimi ni mtu wa ndani, wakuu. Nikisema wa ndani namaanisha hivi: bodaboda wa pale kona anamjua dada yangu, anamjua mama, anajua mpaka kuku wetu anayevuka barabara ovyo. Mwezi uliopita aliniuliza kama nimehamia.

Nimezaliwa kwenye hiyo nyumba.

Laptop tulichangia na dada yangu Kabula, nusu kwa nusu. Kabula ni mwalimu wa msingi kule Lagangabilili, anaondoka Jumatatu alfajiri anarudi Ijumaa. Ni mtu mzuri, ila ana ugonjwa mmoja. Anagawa. Chapati zikiwa saba, ya saba ataikata katikati kwa kisu, halafu ataikagua kuona upande upi una mafuta zaidi. Mlio na dada wakubwa mnanielewa. Hiyo tabia yake iwekeni akilini kwa dakika tano tu, inakuja kunimaliza.

Sasa mjomba.

Mjomba Masanja ni kaka yake mama, wa Bukundi kule Meatu. Ni mwimbaji wa ngoma. Siyo wa harusini. Hawa ni wale ambao mavuno yakiisha makundi mawili yanapangiwa uwanja mmoja, kila kundi upande wake, yanaimba na kucheza kwa wakati mmoja. Watu wako katikati. Wakikuhamia wewe umeshinda, wakihamia kule umekwisha, hakuna cha jaji.

Kwa hiyo nyimbo ni silaha. Kila msimu mpya zinatungwa mpya, na ndani yake kuna kuwachokoza wale wa upande wa pili. Zinafichwa mpaka siku yenyewe.

Msimu uliopita wimbo mmoja wa mjomba ulivuja. Nani aliuvujisha hajulikani mpaka leo. Wapinzani walikuja na jibu mkononi. Wakaimba jibu kabla yeye hajaimba swali. Mama alikuwepo, anasema uwanja mzima ulicheka na watu wakahama kama wamekimbia moshi.

Ndiyo maana mwaka huu mjomba alikuja kwangu. Nilijua amekuja kwa sababu ya ufundi wangu wa kompyuta, kichwa kikaanza kuvimba. Akanirudisha chini.

"Mjomba," aliniambia (huku mjomba na mpwa wote tunaitana mjomba, msichanganyikiwe), "kwako haingii mtu na wewe hutoki. Wewe ni kabati."

Sijawahi kusifiwa hivyo.

Tukarekodi nyimbo tisa chumbani kwangu. Blanketi dirishani, feni imezimwa, kuku wamefungiwa jikoni, mama kaambiwa asitwange kitu. Mic yenyewe ni ile ndogo ya kubana kwenye kola. Yeye anaimba, mimi nimeshika mouse natoka jasho.

Masharti yake: nakala moja tu. Siyo flash, siyo simu, siyo kutumiana WhatsApp, siyo hayo mambo ya kuhifadhi mtandaoni. Nikajaribu kumwelimisha kwamba ni vizuri kuwa na kopi. Akasema kopi ya pili huwa inaota miguu. Baada ya yaliyomkuta, nisingeweza kubisha.

Basi zikakaa kwenye D. Mnajua sheria ya mafundi wetu wote wanaopiga Windows mjini: vitu vyako weka D, C ikifa D inabaki. Nimeisikia sheria hiyo tangu nikiwa sekondari. Nilikuwa naiamini kuliko mambo mengi niliyofundishwa darasani.

Tulipokuwa tunarekodi sauti yake ilikuwa inakwaruza kidogo. Tukasema ni vumbi. Halafu akaanza kushindwa kumeza ugali. Akapelekwa Mwanza, wakakuta uvimbe kooni, wakaukata.

Walimwokoa, Mungu ashukuriwe. Ila sauti haikurudi. Mjomba sasa anazungumza kwa kunong'ona, kama upepo unapita chini ya mlango. Daktari alimwambia wazi kwamba kuimba basi.

Aliletwa hapa nyumbani apumzike, kwa sababu kutoka kwetu hadi hospitali anapokwenda kuchekiwa ni karibu. Siku ya kwanza mama alikuwa analia kwa kujificha jikoni. Mjomba akaniita chumbani, akaonyesha laptop kwa kidole, akanong'ona:

"Mimi nimeshaweka."

Yaani alikuwa ametulia kabisa. Alikuwa amepanga pamba ikishauzwa atarudi Bukundi na hiyo laptop, amfundishe mwimbaji mpya wa kundi kwa kumsikilizisha. Sauti yake haiko tena shingoni, iko kwenye D.

Shikeni hapo hapo.

Sasa Windows yetu ilikuwa imechoka. Ukiwasha inaamka kama mzee aliyekalia kigoda siku nzima, kwanza inashika magoti. Memory card za wateja nazo zilikuwa zimeniletea virusi vya kila kabila. Nikaja humu humu kuomba ushauri. Mkaniambia weka Linux pembeni, acha Windows ya dada ibaki, mashine moja mifumo miwili, ukiwasha unachagua.

Kuna mmoja aliandika "mkuu ni simple tu, dakika ishirini".

Unajijua. Sikulaumu. Ila unajijua.

Nikamweleza Kabula Ijumaa aliporudi. Maazimio yake ya kazi na orodha za wanafunzi yote yalikuwa C, kwenye desktop, hayo hakuyaogopea. Alichouliza ni kimoja tu. Hiyo Linux yako itakula nafasi kiasi gani?

Nikamwambia nitakata D, nitoe kipande nikiite E, nikae humo na Linux yangu. D ibaki ya wote.

"Unakata nusu kamili," akasema. "Isizidi hata punje. Nakujua wewe."

Akavuta kiti akakaa nyuma yangu. D ilikuwa kama GB mia tatu. Nikafungua ile sehemu ya Windows ya kupangia diski, nikapunguza D, nikatoa kipande kipya. Akasema onyesha namba. Nikaonyesha. D mia na hamsini, E mia na hamsini. Akasoma mpaka zile tarakimu za nyuma. Akaridhika, akaenda kuosha miguu.

Nikaformat ile E kwa Windows kwanza, ili ionekane nzuri. Hapakuwa na haja. Nilitaka tu kuiona imetokea pale na jina lake.

Halafu nikachukua bahasha nikaandika nyuma yake, nisije nikasahau kesho: C ya kwanza, D ya pili, E ya tatu.

Hiyo bahasha, wakuu. Ningeila tu ile jioni.

Jumamosi asubuhi Kabula na mama walikwenda sokoni. Mjomba alikuwa nje anaota jua na kikombe chake cha uji. Mimi nikachomeka flash yenye Linux, nikawasha.

Mambo yakaanza vizuri. Ikauliza lugha, ikauliza saa za wapi. Ikafika pale pa kuchagua itakaa wapi. Nikachagua ile njia ya kupanga mwenyewe, maana hizo nyingine moja inafuta kila kitu na nyingine inaamua yenyewe, na mimi sipendi kuamuliwa.

Ikaleta orodha ya vipande. Sasa ile programu haijui C wala D. Yenyewe inataja kwa namba tu: kipande cha 1, cha 2, cha 3, cha 4.

Nikatazama. Cha 3 GB mia na hamsini. Cha 4 GB mia na hamsini. Vyote viwili aina ile ile ya Windows. Ile safu ya kuonyesha kilichojaa na kilicho kitupu ilikuwa imeandika "unknown" kote kote, yaani haijui kilichomo. Baadaye nimekuja kuambiwa ni kwa sababu Windows ilikuwa haijazimwa kabisa, ilikuwa imesinzia tu.

Mapacha. Hakuna alama.

Mtu mwenye akili hapo anazima, anarudi Windows, anavipa majina. Mimi nilikuwa na bahasha.

Bahasha inasema E ya tatu. Nikachagua cha 3.

Kumbe kule juu kabisa kwenye orodha kulikuwa na kipande kidogo sana, hata GB moja hakifiki. Windows hujiwekea yenyewe kwa ajili ya kuwakia, hakipewi herufi, ukiwa ndani hukioni. Nilikiona wakati ule. Nikakipuuza kama unavyompuuza kuku anayekatiza sebuleni. Hicho ndicho kilichokuwa cha 1. C ikawa ya 2.

D ikawa ya 3.

Kama nisingegawa sawa kwa sawa, kama ningekuwa nimechukua GB themanini zangu kimya kimya, namba zenyewe zingenishtua. Usawa ndio ulioniua, na niliusimamia kwa mikono yangu.

Nikaweka tiki kwenye Format. Ikaniuliza kama nina uhakika, mabadiliko yakiandikwa hayarudi. Nikabonyeza endelea huku napiga mluzi. Kweli, napiga mluzi.

Dakika ishirini na kitu ikamaliza. Jamaa wa "simple tu" hakukosea kwenye muda. Linux ikafunguka, rangi nzuri, nyepesi kama simu mpya. Nikaipiga picha nikaja kuibandika humu na maneno "wakuu nimeshavuka". Mkaweka like. Ipo mpaka sasa, siifuti, iwe adhabu yangu.

Nikasema niwashe upande wa Windows nione kama uko salama.

Ukawaka. Nikafungua ile sehemu ya madiski.

C ipo. E ipo.

D haipo.

Nikaifungua E. Tupu. Nyeupe kama sahani iliyooshwa.

Wakuu, kuna kushtuka kwa kuruka na kuna kushtuka kwa kukauka. Mimi nilikauka. Masikio yakaziba. Nikawa nasikia damu tu. Nikabonyeza refresh, sijui mara ngapi, labda mara hamsini. Nikazima nikawasha. Nikatoka chumbani nikafika mlangoni nikarudi, kana kwamba nikiingia upya nitakuta D imekaa kitandani inanisubiri.

Nikakaa sakafuni. Nikawa najiambia neno moja tu, hapana, hapana, kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini ikanikumbusha mtu aliye nje.

Mlango ukagongwa. Mjomba akachungulia na kikombe chake.

"Imepona?" akanong'ona.

Nikamwambia imepona.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi juani. Uongo huo nimeusema nikiwa nimekaa sakafuni, namtazama usoni. Bado unaniwasha.

Kabula aliporudi alinikuta hivyo hivyo. Nilitegemea atapaza sauti mpaka bodaboda wa kona anijue. Hakupaza. Alisimama na kapu mkononi, akasikiliza mpaka mwisho, akakaa na yeye sakafuni. Akauliza kama kuna kopi. Nikamwambia hakuna. Akauliza kama nimemwambia mjomba.

"Bado."

"Mwambie kabla hajala," akasema. "Usimwache ale halafu ndiyo umwambie."

Nikaenda. Ni hatua kumi na tatu kutoka chumbani kwangu hadi pale alipokuwa amekaa, nimezihesabu baadaye. Nikachuchumaa mbele yake. Nikasema mjomba, imepona lakini zile nyimbo nimezifuta. Nilikosea kipande.

Akaweka kikombe chini taratibu sana, akakiweka sawa kisianguke. Halafu mkono wake ukapanda wenyewe ukashika pale kwenye kovu.

"Zote?"

"Zote, mjomba."

Mama alikuwa mlangoni na mchele kwenye ungo. Akaacha kupepeta. Hakuna aliyepiga kelele, na mimi nilikuwa naomba mmoja apige.

Mjomba akauliza swali la mtu anayetaka kuelewa kweli. Zimeenda wapi?

Nikamweleza nilivyoweza. Kwamba kufuta siyo kuchoma. Ile diski imesahau tu ilipoziweka, zenyewe bado zimelala mle, ila ile Linux mpya imekuja kukaa juu yake, na palipokaliwa ndiyo basi.

"Kwa hiyo ziko chini."

"Ziko chini. Nyingine zimekanyagwa."

"Basi zifukue," akasema.

Nikarudi humu. Kuna mkuu mmoja aliniambia jambo ambalo nitamshukuru mpaka nazeeka: zima sasa hivi, usiiwashe tena hata kwa kuangalia, kila ukiwasha inaandika kitu juu ya vitu vyako. Chomoa diski, itafute mashine nyingine, ifukue kutokea nje.

Maana yake nitoke nyumbani. Jumatatu nilivaa viatu, wakuu. Mama alitaka kujua kama kuna msiba.

Tulikwenda na mjomba kwa fundi mmoja mjini, kijumba chake kimejaa mabodi ya redio. Fundi akachomeka diski yetu kwenye mashine yake, akaiwashia programu ya kufukua mafaili. Akauliza tunatafuta nini, picha za harusi? Mjomba akaweka kidole mdomoni. Fundi akanitazama mimi. Nikasema ni sauti, na tutasikilizia kwa earphone.

Hata kwenye hali ile, siri ni siri.

Programu ilianza asubuhi, ikamaliza jua limeshageuka. Mjomba alikaa kwenye kigoda muda wote anautazama ule mstari wa kijani unavyotambaa. Sidhani kama alipepesa.

Yakatoka mafaili mamia. Majina yote yamekufa, yamebaki namba tu. Matangazo ya WhatsApp, mlio wa simu, kwaya za wateja, bongo fleva. Tukachukua earphone moja, sikio la kulia mimi, sikio la kushoto yeye, tukaanza kufungua moja moja.

La kwanza lililokuwa lake lilikuja baada ya kama arobaini. Nilihisi earphone imevutwa. Alikuwa amenyooka ghafla, kama kaitwa na mtu nyuma yake.

Tangu apasuliwe alikuwa hajawahi kujisikia.

Tukapata nyimbo tatu nzima, safi. Halafu kikatokea kitu ambacho sikukitegemea. Tulipokuwa tunarekodi, kila tulipokosea nilikuwa nafuta lile jaribio, na nilikuwa nafuta hasa, kwa sababu kwenye majaribio mengi nilikuwepo mimi. Wimbo wa ngoma unataka waitikiaji, hatukuwa nao, akaniambia itikia wewe. Nikaitikia. Akasikiliza, akasema mjomba, acha, tutaimba bila waitikiaji.

Sasa zile safi nyingi zilikuwa zimekanyagwa. Yale majaribio mabovu yalikuwa yamelala pembeni ya diski, hayajaguswa na mtu.

Kwa hiyo tuko kwa fundi, vichwa vimegusana, nasikia mjomba anaimba sauti kamili ya uwanjani, halafu naingia mimi na uitikiaji wangu kama ndama aliyebanwa na mlango. Halafu yeye anacheka, kile kicheko chake cha zamani cha kutoka tumboni. Halafu anakohoa. Halafu anasema, "Mjomba, wewe umezaliwa Usukumani kweli?"

Mjomba wa sasa alikuwa analia na kucheka, na vyote viwili havikuwa na sauti. Mabega tu. Fundi akaacha kuchomea akatoka nje, eti anaangalia hali ya hewa.

Kwenye yale mabovu tukaokoa nyimbo nyingine tatu. Jumla sita. Tatu hazikuwepo kabisa, safi wala mbovu. Tukarudia orodha yote tangu mwanzo. Hazipo.

Njiani kurudi akanong'ona kwamba hizo tatu tutazirudisha kwa mkono.

Utaratibu wake ukawa huu. Kila siku baada ya chakula cha mchana anakuja chumbani, anakaa kitandani. Ananinong'oneza maneno ya mstari. Mimi naimba. Ndiyo, mimi, ndama. Nikipotea anagonga meza mara moja, narudia. Nikipatia anatulia, nami narekodi kwa simu. Masikio yake ni mazima kabisa, ni koo tu lililoondoka, kwa hiyo sauti yake ikawa inapita kwenye koo langu kwa kugongewa meza.

Nimegongewa, wakuu. Kuna mstari mmoja nimeuimba siku mbili.

Wa kwanza ulirudi baada ya siku nne. Wa pili wiki nzima. Kabula aliusikia Ijumaa akasema umefika, kasoro mwimbaji.

Wa tatu ulikuwa ule alioimba siku moja kabla ya kupelekwa Mwanza. Aliutunga akiwa kalala, usiku alikuwa hapati usingizi kwa maumivu. Alikuja asubuhi akauimba mara moja tu, mwanzo hadi mwisho, hatukurudia, kwa sababu koo lilikuwa linauma na gari lilikuwa limeshapangwa. Hakuwahi kuuimba mbele ya mtu mwingine. Mimi nilikuwepo, lakini nilikuwa natazama ile mistari ya sauti kwenye skrini isipande ikagusa nyekundu. Niliuangalia. Sikuusikiliza.

Akakaa kitandani kama kawaida. Nikasubiri aninong'oneze mstari.

Akafumba macho. Midomo ikaanza, ikasimama. Akaanza tena. Akataja neno moja, mbuga, akasema hapana, hilo ni la wimbo mwingine. Akaniuliza mimi nakumbuka wapi. Nikamwambia nakumbuka ulikuwa mrefu kidogo. Nakumbuka katikati alishusha.

"Nilishusha wapi?"

Sikujua wapi.

Tulikaa siku tatu na huo. Siku ya tatu hakugonga meza hata mara moja, kwa sababu sikuwa nimeimba kitu cha kugongewa. Akanyanyuka, akafika mlangoni, akageuka.

"Ulikuwa mzuri?" akaniuliza.

Nikamwambia ulikuwa mzuri, mjomba.

Akatikisa kichwa, akatoka kwenda kukaa juani.

Wakuu, sijui kama ulikuwa mzuri. Nilikuwa natazama skrini.

Basi ndiyo hivyo. Nane zipo, na sasa zina kopi tatu: kwa Kabula, kwa mama, na kwa mjomba mwenyewe kwenye memory card aliyoishonea ndani ya kofia. Wa tisa hatunao. Kilikuwepo kitu duniani, watu wawili tu tulikuwa chumbani nacho, na hatukumbuki kinaanzaje.

Nilichojifunza, kwa mnaotaka kuweka mifumo miwili: kipe kila kipande jina kabla hujaanza. Kama ni nusu kwa nusu, vunja huo usawa hata kwa GB kumi, usawa wa ndugu ubaki kwenye chapati. Ukiona orodha inasema haijui kilichomo ndani, basi na wewe hujui, zima. Kopi kwanza, hata kama mwenye mali kakataza, mbembeleze mpaka akubali. Na D inakufa. Waambieni mafundi wenu.

Sasa naomba msaada wa kweli, matusi leteni ila baada ya msaada. Diski nimeichomoa, imefungwa kwenye kitambaa, haijawashwa tangu kwa fundi. Yule fundi alitumia programu moja tu. Kuna mtu humu anajua njia nyingine ya kufukua, au anamfahamu mtu Mwanza au popote anayefanya hiyo kazi kwa undani? Hata kama kitatoka kipande cha sekunde kumi. Hata mwanzo tu, mjomba akiusikia mwanzo huenda akaukamata.

Nipo tayari kusafiri kuipeleka. Ndiyo, mimi.

Karibuni, nasoma kila comment.